Unga wa Dagaa Kwenye Bakuli la Mtawa

Siku ya kwanza alisimama mlangoni kwangu saa saba mchana, wateja wamejaa na mimi sina hata nafasi ya kujikuna. Mzee mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa, amejifunga shuka la rangi ya chungwa na juu yake kavaa sweta la mtumba kwa sababu ya baridi yetu ya Ufipa. Mkononi alikuwa na bakuli la bati. Hasemi kitu, hanyooshi mkono, kainamisha macho kwenye kizingiti, na nyuma yake karani wa halmashauri anatafuta upenyo wa kupita aje kula.

"Mzee," nikamwambia, "ingia au ondoka. Unaniziba mlango."

Akatabasamu, akaunganisha viganja vyake kifuani, akaondoka na bakuli lake tupu. Wateja wakacheka. Mimi nikaendelea kupakua.

Kibanda changu kipo karibu na soko, Sumbawanga mjini, na ng'ambo ya barabara kuna hekalu dogo la Wahindi. Kwa miaka mingi lilikuwa limefungwa. Familia za Kihindu zilizokuwa na maduka hapa zilihama moja moja, nyingine Dar, nyingine ng'ambo, mpaka akabaki bibi mmoja mwenye duka la vitambaa. Watoto wake walimpigia simu kila wiki wakimsihi aondoke, naye akagoma. Funguo za hekalu alikuwa nazo yeye, amezifunga kwenye pindo la sari. Sikuwahi kuona akilifungua isipokuwa kufukuza popo.

Jirani yangu, Mwislamu mmoja anayeuza vipuri vya malori, ndiye aliyekuja jioni ile kunisuta.

"Dada, umemfukuza mtawa wa watu."

"Mtawa gani? Mtu mzima ana miguu na mikono anatembea na bakuli!"

"Yule haombi. Dini yake ndiyo inamtaka hivyo. Anasimama mlangoni kwa muda wa mtu kukamua ng'ombe mmoja, basi. Ukimpa anakula, usipompa anakwenda zake. Bibi wa vitambaa ndiye aliyeandika barua aletwe. Anataka mtu wa kumsomea maandiko siku zake zikifika."

Niliona aibu, sitaficha. Lakini nilikasirika vilevile, maana mimi ningejuaje? Mtu anayetaka chakula hapa kwetu anabisha hodi, anasalimia, anasema shida yake.

Kesho yake alirudi saa ileile, akasimama palepale. Nikaacha mwiko, nikafuta mikono, nikamwendea. Kumbe anajua Kiswahili, na ni Kiswahili kizuri kuliko cha makarani wanaokula kwangu. Alizaliwa Tabora, akaondoka kijana kwenda India kwa mwalimu wake, na sasa alikuwa na miaka sabini na kitu.

"Mama," aliniambia, "sili nyama, wala samaki, wala mayai. Kisichokuwepo usihangaike nacho."

"Ah, baba, hiyo ndogo. Maharage yapo, mboga za majani zipo, ugali upo. Karibu sana."

Nikamjazia bakuli. Alikula amekaa kwenye ngazi za hekalu, mgongo wima, bila kuzungumza na mtu. Alikula mara moja tu kwa siku. Alikuwa na desturi ya kutoshika mlango mmoja, kwa hiyo siku moja alikwenda kwa bibi, siku ya pili akaja kwangu. Nikamuuliza kama dini yake haimkatazi kula kwa Mkristo wa Kifipa. Akasema wako watawa wenzake wasioweza, ila mwalimu wake alimfundisha kusimama mlango wowote.

Mvua zilikuwa zimeanza. Alinieleza kwamba watawa wa kwao hutembea mwaka mzima, hawana makao, ila mvua zikianza hukaa mahali pamoja mpaka ziishe, wasije wakakanyaga wadudu wanaotoka ardhini. Kwa hiyo alikuwa wetu mpaka mvua zikatike. Na kweli, kumbikumbi walipotoka, watoto wa mtaa wakiwakusanya kwenye ndoo wakawakaange, yeye alikuwa anavuka barabara kwa kuruka huku na huku na shuka lake, mzee wa miaka sabini, asije akakanyaga hata mmoja. Vijana wa bodaboda walimpigia makofi. Hata mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kazi yake hapa haikuwa ya kuhubiri. Asubuhi alifungua hekalu, akasoma kwa sauti ya chini, bibi akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake. Kisha alichukua koleo akazibua mtaro ulio mbele yetu, mtaro ambao halmashauri ilikuwa imeusahau na sisi wenyewe tulikuwa tunautupia maganda. Hakumwambia mtu asitupe. Alizibua tu, kila siku ya Mungu, mpaka sisi wenyewe tukaanza kuona haya. Mchana aliweka meza kwenye baraza la hekalu, juu yake begi la miwani iliyokwishatumika, aliyopewa na watu sehemu alizopita. Wazee walikuja kujaribu. Mmoja alitoka Mwimbi na mkewe, akavaa, akamtazama mkewe muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Mke akamnyang'anya miwani akaivaa yeye.

Wapo waliokuja kuomba dawa ya radi, na dawa ya kupata kazi, na dawa ya mume. Mtu akishasikia Sumbawanga anadhani kila mwenye nguo ya ajabu ni mganga, na wenyeji nao hawakatai. Aliwasikiliza wote, akawaambia hana dawa ila ana miwani. Wengine waliondoka wamekasirika.

Mimi nilipata yangu mwezi wa pili tangu afike. Nilikuwa nimezoea kuchagua maharage kwa vidole, maana macho yalikuwa yamechoka. Aliniwekea tatu, ya nne ikanikaa. Nikaona nyuzi za sweta lake moja moja, na mchubuko kwenye kidole chake. Nikamshukuru, akasema nisimshukuru, nimshukuru aliyeivaa kwanza, ambaye hata yeye hakumjua.

Alikuwa anasifu chakula changu. Si kwa maneno mengi, lakini bakuli lilirudi safi limekombwa, na siku moja akaniambia, "Mama, mboga zako zina kitu." Nikavimba kichwa. Akanawiri, mashavu yakajaa kidogo. Bibi akaniambia kwamba mtawa amemwandikia mwalimu wake kwamba huku milimani kuna mwanamke anajua kupika mchicha.

Sasa nieleze jinsi ninavyopika, maana hapo ndipo penye kosa.

Dada yangu ameolewa Wampembe, ziwani. Kila gari la kuja huku ananitumia dagaa. Mimi nawachambua, nawakaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, nawatwanga kwenye kinu pamoja na karanga, nachekecha, naweka kwenye kopo. Ule unga unaingia kwenye kila kitu: maharage, mchicha, kisamvu, majani ya maboga. Kijiko kimoja tu kwa sufuria. Ndiyo siri ya kibanda changu, ndiyo maana madereva wa Namanyere wanapita vibanda vingine vitatu wanakuja kwangu. Mama yangu alipika hivyo. Nyumba tuliyokulia, siku mkisema leo hatuna samaki wala nyama, tunakula mboga tu, unga wa dagaa ulikuwa ndani. Kwetu ule ni kiungo, sawa na chumvi na nyanya. Namwapia Mungu, haikunijia akilini. Mtu aliniambia hali samaki, nikasema sawa, nikamtilia dagaa.

Utauliza, hakusikia harufu? Mtu ambaye hajaonja samaki tangu azaliwe atajuaje ladha yake, tena imefichwa kwenye karanga?

Siku niliyogundua, ilikuwa asubuhi, nje kuna mvua, mimi nimekaa kwenye kigoda na ungo wa dagaa, miwani puani. Tangu niivae nilikuwa sijachambua dagaa. Kazi ile nimeifanya toka nikiwa msichana, vidole vyenyewe vinakwenda. Nikatazama chini, na dagaa wote wakanitazama. Nasema kweli, niliona macho yao. Vidoti vyeusi, viwili viwili, ungo mzima. Nilikuwa nimesahau kwamba wana macho.

Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Mama yangu! Hawa si samaki hawa?"

Mtu anayeruka kumbikumbi barabarani, mimi nimemlisha dagaa kwa zaidi ya miezi miwili, kila baada ya siku moja, tena ananisifia. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Nilimpikia mchicha mtupu kwenye sufuria niliyoisugua kwa majivu mara tatu. Alikula, akarudisha bakuli. Chini kulikuwa na mchicha umebaki.

"Mama," akasema, "leo unaumwa?"

"Hapana, baba."

"Mboga zimepungua kitu."

Sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda dukani kwa bibi wa vitambaa, nikamngoja mteja amalize kupimiwa, nikamweleza yote. Alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka chini polepole.

"Usimwambie," akasema.

"Bibi, moyo wangu unanisuta."

"Moyo wako una nguvu, wake ni mbovu, anakunywa vidonge. Akijua atafunga. Ndivyo walivyo, nawajua, kaka yangu alikuwa mtawa. Siku kumi na mbili, maji tu. Kwa umri ule! Akifa, ni mimi nimemleta na wewe umemuua." Kisha akashika fundo la funguo kwenye pindo la sari. "Na mimi nitasomewa na nani? Nimebaki peke yangu mji mzima. Nani atanisomea?"

Nilitoka pale nimekasirika, sijui kwa nani. Alikuwa na haki. Mimi pia nilikuwa na haki. Nikinyamaza, mvua zitakatika, mzee ataondoka akiwa mzima, atakwenda kumwambia mwalimu wake kwamba ametunza nadhiri yake, na itakuwa uongo, na uongo ule nimemtia mdomoni mimi kwa kijiko. Nikisema, huenda nikamzika. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Nilimpikia mboga tupu, akawa anabakiza, na kila akibakiza alikuwa anaomba radhi, anasema ni uzee. Hilo ndilo lililonishinda. Mtu kukuomba radhi kwa kosa lako mwenyewe.

Alasiri moja nikavuka barabara. Alikuwa anamjaribisha miwani mama mmoja muuza ndizi. Nikangoja mpaka mama yule akaenda zake.

"Baba, nimekulisha dagaa."

Akanitazama. Alikulia Tabora, dagaa aliwajua kwa kuwaona sokoni.

"Lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nawatwanga unga, naweka kwenye mboga. Sikukusudia. Kwetu sisi wale hatuwahesabu samaki. Wiki iliyopita ndiyo nimeacha."

Akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shuka, akaivaa tena.

"Ndiyo ile ladha?"

"Ndiyo hiyo."

"Ahsante kwa kuniambia, mama. Kesho naanza kufunga. Siku kumi na mbili."

Hapo hasira ikanipanda. "Kwa nini ufunge wewe? Aliyekosa ni mimi! Kama kuna adhabu nipe mimi, mimi nina mwili wa kuihimili!"

"Wewe ulinipa chakula," akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilianza kuzihesabu siku za zamu yako. Nikiamka nauliza, leo ni kwa bibi au kwa mama? Nikisoma, najikuta nafikiria mchicha. Mtu wa miaka sabini. Nilijua kuna kitu, sikutaka kukiuliza."

Nikarudi kibandani nikaunguza wali.

Bibi hakunisemesha. Alipita mbele yangu na fimbo yake, akageuza uso. Jirani wa vipuri alinitetea, akasema hata wao mtu akila kisicho halali kwa kutojua hana dhambi. Nikamwambia akamweleze bibi, akasema yeye anamwogopa.

Siku za kwanza za kufunga kwake mtawa alitoka kama kawaida na koleo lake. Siku ya nne alizibua mtaro akipumzika kila hatua. Siku ya sita akaketi ngazini, koleo limelala magotini. Siku ya saba hakutoka. Mvua zilipiga kweli wiki ile, na mtaro ukaanza kujaa takataka. Nikachukua koleo nikazibua mwenyewe, nimejifunga khanga kiunoni, natukana kila aliyetupa ganda. Madereva walishangaa. Mmoja aliniuliza kama na mimi nimekuwa mtawa, nikamwambia anyamaze ale.

Kila jioni bibi aliingia hekaluni na chupa ya maji. Nilisimama mlangoni kwangu nikisubiri atoke, nione uso wake. Hakuniambia neno, lakini nilijifunza kumsoma mabega. Siku ya tisa mabega yalikuwa yameanguka kabisa. Usiku ule niliomba, na nikiri kwamba nilimfokea Mungu. Nilimuuliza kama kweli dagaa hao ni wengi kiasi cha mtu kufa.

Katikati ya siku zile nilinunua sufuria mpya, mwiko mpya, na kikaango. Niliviweka juu ya kabati, nikavifunika kitambaa. Sikujua kama nitavitumia. Kwa akili yangu, hata akipona, hatasimama tena kwangu. Nani angesimama?

Siku ya kumi na tatu mvua ilitulia asubuhi. Mtaa mzima ulijua kwamba leo atakula. Bibi alikuwa ameamka mapema kupika wali laini na dengu, katika nyumba ambayo haujaingia mfupa tangu ijengwe, akafungua mlango wa duka wazi, akasimama kizingitini na sari safi. Mimi niliteleka maharage ya wateja. Nilijitahidi nisitazame nje, nikatazama.

Mlango wa hekalu ukafunguka. Alitoka amekonda, shuka limemzidi, bakuli mkononi. Alishuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine. Kumbikumbi waliokuwa wamedondosha mabawa walikuwa wanatambaa barabarani, akawakwepa mmoja mmoja, ila safari hii bila kuruka. Bajaji mbili zilisimama zikamngoja. Akafika katikati ya barabara. Kulia kwake ni duka la bibi, kushoto ni kwangu.

Akaja kwangu. Akasimama palepale aliposimama siku ile ya kwanza, kainamisha macho kwenye kizingiti, akaziba mlango. Safari hii hakuna mteja aliyetaka kupita.

Sikumbuki nilivyoshusha ile sufuria mpya. Nakumbuka jinsi nilivyochagua mchicha, jani kwa jani, na miwani ikiingia ukungu. Mafuta ya alizeti, nyanya, chumvi. Nikasonga kaugali laini ka tumbo lililolala njaa. Yote hayo alikuwa amesimama, muda wa kukamua ng'ombe ulikuwa umepita zamani, na yeye hakuondoka. Nikamletea kiti. Kwa mara ya kwanza akaingia akakaa ndani, kati ya madereva, ambao walivua kofia bila kuambiwa.

Kule dukani, bibi aliufunga mlango wake kwa kishindo. Alininunia siku tatu nyingine.

Mtawa alikula polepole sana. Mimi nilisimama mbele yake, mikono imekunja khanga, natamani kulia na naona haya kulia mbele ya wateja. Alimaliza yote. Akalifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akaliweka mezani, akainua macho.

"Mama," akasema, "ile ya zamani ilikuwa tamu zaidi."

"Najua, baba," nikamwambia. "Najua."